Anza na Barua Pepe: Mwongozo Kamili wa Kulinda Akaunti Zako za Mitandao ya Kijamii

"Samahani, nimekutumia namba sita kimakosa, naomba unirudishie haraka." Ujumbe huu ulimfikia shangazi yangu jioni moja kutoka kwa mtu wa kundi lake la WhatsApp, mtu anayemfahamu kwa miaka. Na kweli, namba sita zilikuwa zimeingia kwenye simu yake dakika ileile. Akazirudisha. Robo saa haikupita, WhatsApp yake ikawa mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa anawaandikia wapwa, majirani na wanakundi kwa jina lake, akiomba wamkopeshe pesa mpaka kesho.

Namba zile hazikuwa za rafiki yake. Zilikuwa ufunguo wa akaunti ya shangazi mwenyewe. Mwizi, ambaye alikwisha kuiteka akaunti ya rafiki, alifungua WhatsApp kwenye simu yake na kuandika namba ya shangazi. WhatsApp ikatuma namba za uthibitisho kwa mwenye laini, kama inavyopaswa. Kilichobaki ni kumwomba mwenye laini azitoe.

Tangu siku hiyo nimesaidia ndugu na marafiki kadhaa kurudisha akaunti zao, na karibu kila mara hadithi ni ileile. Mlango haukuvunjwa; alifungua mwenye nyumba, akiwa na haraka au akiwa na huruma. Tena mara nyingi mlango wenyewe haukuwa Facebook wala Instagram. Ulikuwa barua pepe ya zamani isiyoangaliwa, au laini ya simu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia huko.

Tenga saa moja au mbili, kalamu na karatasi, na ufuate mpangilio kama ulivyo.

Hatua ya 1: Barua pepe

Jaribu zoezi dogo. Fungua ukurasa wa kuingilia wa mtandao wowote unaoutumia, ubonyeze "Umesahau nenosiri?" Utaona kiungo cha kubadili nenosiri kinatumwa wapi. Kwa watu wengi kinakwenda kwenye barua pepe moja, na barua pepe hiyohiyo ndiyo inayoshika Facebook, Instagram, TikTok, X (zamani Twitter), LinkedIn na hata huduma za benki. Anayeishika barua pepe hana haja ya kujua nenosiri lako lingine lolote. Ataomba mapya, moja baada ya jingine, usiku ukiwa umelala.

Kwa hiyo, kwanza, andika kwenye karatasi kila akaunti uliyo nayo na barua pepe iliyosajiliwa nayo. Hapa ndipo watu hushtuka. Wengine hukuta akaunti yao imefungwa kwenye barua pepe ya kazini walikoacha kazi zamani, au ya chuo itakayofutwa wakihitimu, au ile aliyowafungulia fundi wa simu siku waliponunua simu na ambayo nenosiri lake analijua yeye. Akaunti kama hiyo si yako kikamilifu. Hamishia kwenye barua pepe unayoimiliki leo, kabla ya kufanya jambo lingine.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya usalama ya barua pepe yenyewe. Weka nenosiri jipya lisilotumika mahali pengine popote. Washa uthibitishaji wa hatua mbili (maana yake iko kwenye Hatua ya 4). Angalia namba ya simu na barua pepe ya akiba zilizowekwa kwa ajili ya kurejesha akaunti: bado ni zako? Angalia orodha ya vifaa vilivyoingia, na kile usichokitambua kiondoe.

Halafu kuna sehemu ambayo karibu hakuna anayeifungua: kanuni za kusambaza barua. Barua pepe nyingi zinaweza kuagizwa zipeleke nakala ya kila ujumbe kwa anwani nyingine, au zifiche kimyakimya ujumbe wenye maneno fulani. Mwizi mjuzi akiingia mara moja tu huacha agizo hilo nyuma yake. Ukibadili nenosiri, yeye anaendelea kusoma, kwa sababu kanuni haijali nenosiri. Tafuta sehemu ya kusambaza na ya vichujio, ufute chochote ambacho hukukiweka wewe.

Mwisho, chapisha au nakili namba za akiba. Google, kwa mfano, hukupa namba kumi, kila moja ya kutumika mara moja, za kukuokoa siku simu ikipotea. Ziweke kwenye karatasi, na karatasi pamoja na nyaraka zako muhimu. Usizipige picha na kuziacha kwenye simu ileile ambayo ikipotea ndiyo utazihitaji.

Hatua ya 2: Laini ya simu

Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, ilianza kutoa matusi. Hakuna aliyevunja mitambo ya Twitter. Wezi waliichukua namba yake ya simu kupitia kampuni ya simu, na wakati huo mtu aliweza kuchapisha Twitter kwa kutuma SMS kutoka kwenye namba aliyoisajili. Ukiishika namba, umeishika sauti ya mtu.

Wizi huu wa kubadilisha laini hufanyika hivi: tapeli hujifanya wewe mbele ya wakala au mhudumu wa kampuni ya simu, akidai laini imepotea, akiwa na jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, pengine na picha ya kitambulisho chako. Akipewa laini mpya yenye namba yako, ya kwako inazimika na SMS zote za uthibitisho zinakwenda kwake. Dalili ya kwanza ni mtandao kukatika ghafla kwenye simu yako mahali ambapo wenzako wanao. Ukiona hivyo, usizime na kuwasha simu mara kumi. Azima simu ya mtu umpigie mtoa huduma papo hapo.

Kinga zake ni chache lakini zinafaa. Uliza kampuni yako ya simu kama inaweza kuweka nenosiri au agizo la kwamba laini isibadilishwe bila wewe mwenyewe kufika. Weka PIN ya laini, ili simu ikiibwa mwizi asihamishie laini kwenye simu nyingine na kuanza kupokea SMS zako. Ficha maudhui ya ujumbe kwenye skrini iliyofungwa, maana simu iliyofungwa mezani bado inaweza kuonyesha namba za uthibitisho kwa yeyote anayepita. Na kama laini yako ina huduma ya kurekodi ujumbe wa sauti, badilisha PIN yake ya kiwandani au izime kabisa: WhatsApp inaweza kutoa namba za uthibitisho kwa kupiga simu, na usipopokea, zinarekodiwa huko, zinamsubiri anayejua PIN ni sifuri nne.

Unaacha kutumia namba fulani? Iondoe kwanza kwenye akaunti zako zote. Kampuni za simu huwapa watu wengine namba zilizokaa bila kutumika, na mmiliki wake mpya anaweza kujikuta anapokea viungo vya kurejesha akaunti yako bila hata kuwa na nia mbaya.

Hatua ya 3: Manenosiri

Tatizo kubwa la manenosiri si ufupi wake. Ni kurudiwa. Mwaka 2012 LinkedIn iliibiwa data za watumiaji. Miaka minne baadaye ikabainika kwamba rekodi za akaunti zaidi ya milioni 100 zilikuwa zinauzwa. Mwaka huohuo wa 2016 akaunti za Mark Zuckerberg za Twitter na Pinterest zikatekwa, na walioziteka walidai walitumia nenosiri lake lililokuwemo kwenye data za LinkedIn. Kama mwenye Facebook alikumbwa na jambo hili, mimi na wewe tusijidanganye.

Wezi hawakai wakibahatisha. Wanachukua orodha zilizovuja, wanaziachia programu, na programu inajaribu barua pepe yako na nenosiri lako la zamani kwenye kila mtandao unaojulikana. Kuangalia kama barua pepe yako imo kwenye orodha hizo, kuna tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na mtaalamu wa usalama wa Australia, Troy Hunt, mwaka 2013. Unaandika barua pepe tu. Tovuti yoyote inayokutaka uandike barua pepe pamoja na nenosiri ili "ikuangalizie" ifunge.

Dawa ni kila akaunti kuwa na nenosiri lake. Hakuna binadamu anayeweza kukumbuka thelathini, basi usijaribu. Tumia programu ya kutunza manenosiri; simu nyingi za kisasa zinayo tayari, na vivinjari pia. Inakutungia nenosiri refu lisilo na maana na kulijaza yenyewe. Unabaki na kazi ya kukumbuka mawili: la kufungulia programu hiyo na la barua pepe.

Hayo mawili yatunge kwa maneno manne au matano yasiyohusiana, kama vile kufungua kamusi ukiwa umefumba macho. Epuka methali, aya za vitabu vitakatifu na mistari ya nyimbo, hata kama ni mirefu. Programu za wezi zina orodha za misemo. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa sina haja ya kulisemea.

Na zile habari za kubadili nenosiri kila mwezi? Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuzipendekeza tangu 2017, kwa sababu watu wakilazimishwa kubadili huongeza namba 1 mwishoni, mwezi ujao 2. Badilisha pale unapohisi limevuja. Vinginevyo liache.

Maswali ya usalama, kama jina la shule yako ya kwanza au la ukoo wa mama, yajibu kwa uongo na uuhifadhi uongo huo kwenye programu ya manenosiri. Majibu ya kweli umeshayatoa mwenyewe kwenye Facebook.

Hatua ya 4: Uthibitishaji wa hatua mbili

Maana yake ni kwamba nenosiri peke yake halitoshi. Panahitajika kitu cha pili ambacho kiko mkononi mwako. Lakini vitu hivyo vya pili havilingani.

SMS ni bora kuliko kutokuwa na chochote, ila umeona laini inavyoweza kuibwa. Programu ya uthibitishaji, kama Google Authenticator, ni imara zaidi: inatengeneza namba sita mpya kila sekunde 30 ndani ya simu yenyewe, hata bila mtandao, kwa hiyo mwizi wa laini haambulii kitu. X imeacha hata kutoa SMS kwa wasiolipia tangu Machi 2023, na kwao programu ya uthibitishaji, au ufunguo nitakaoueleza sasa hivi, ndiyo njia iliyobaki.

Hata hivyo namba za programu nazo zina shimo moja. Ukiingia kwenye ukurasa bandia unaofanana na Instagram, ukaandika nenosiri kisha namba sita, ukurasa huo unaweza kuzipeleka Instagram halisi sekunde hiyohiyo na kuingia. Njia inayoziba shimo hilo ni ufunguo wa siri (kwa Kiingereza, passkey) unaokaa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole au uso, au kifaa kidogo cha kuchomeka kinachofanya kazi hiyo. Ufunguo huo umefungwa kwa anwani halisi ya tovuti. Ukurasa bandia ukiuomba, haujibu. Wewe unaweza kudanganyika kwa macho. Wenyewe hauna macho ya kudanganywa. Mtandao wako ukiutoa, uchukue.

WhatsApp ina utaratibu wake: ndani ya mipangilio ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN ya tarakimu sita na barua pepe ya kuirejeshea. Telegram nayo ina nenosiri la ziada la aina hiyo. Shangazi angekuwa na PIN hii, zile namba sita alizozituma zisingetosha.

Hatua ya 5: Vifaa vilivyounganishwa

Kuna utekaji wa aina ya pili, nao ni mbaya kuliko wa shangazi kwa sababu hauonekani. WhatsApp inaruhusu kuunganisha hadi vifaa vinne pamoja na simu yako, ili usome ujumbe kwenye kompyuta. Anayeunganisha kifaa chake hakutoi wewe nje. Wewe unaendelea kuchati, na yeye anasoma.

Tapeli huja hivi: "Binti wa dada yangu yuko kwenye shindano, naomba umpigie kura." Unabonyeza, ukurasa unakuomba namba ya simu "kuthibitisha kura", kisha unakupa herufi nane za kuandika ndani ya WhatsApp yako. Herufi hizo ndizo zinazounganisha kifaa cha mwizi. Wakati mwingine ni picha ya mraba ya kuskani, lakini mchezo ni uleule.

Na kikulacho ki nguoni mwako. Si kila anayesoma ujumbe wako yuko mbali. Mwenza, rafiki mnayeishi chumba kimoja, mwenzako wa kazini uliyemwachia simu dakika mbili: sekunde chache za kuskani zinatosha. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa sasa hivi, uondoe kila usichokijua. Fanya hivyohivyo kwenye Facebook, Instagram, TikTok na Telegram, ambako kila moja ina orodha ya mahali ulipoingia. Kama unaishi na mtu unayemwogopa, fikiri kwanza: kumtoa ghafla kutamjulisha kwamba umegundua. Zungumza kwanza na mtu unayemwamini, kwa simu nyingine.

Hatua ya 6: Unachokionyesha

Faragha watu huidharau kwa sababu hawaoni inaibiwaje. Huibiwa kwa vipande. Kipande kimoja hakina thamani. Vikikusanywa vinatosha kuwa wewe.

Orodha yako ya marafiki kwenye Facebook, kwa mfano, ndiyo malighafi ya akaunti za kughushi. Tapeli anachukua picha yako na jina lako, anafungua akaunti mpya, kisha anawaomba urafiki watu wale wale walio kwenye orodha. Ifanye ionekane kwako tu. Zuia pia watu kukutafuta kwa namba ya simu. Aprili 2021 data za watumiaji milioni 533 wa Facebook, zikiwemo namba zao za simu, zilimwagwa mtandaoni bure. Zilikusanywa kwa kutumia vibaya kile kifaa cha kutafuta marafiki kupitia namba, tundu ambalo kampuni ilisema ililiziba 2019. Waliokuwa wameruhusu namba zao zitafutwe na kila mtu ndio waliovunwa.

WhatsApp: picha ya wasifu na "ilionekana mwisho" ziachie walio kwenye simu yako tu, na uzuie watu usiowajua kukuingiza kwenye makundi. Makundi ya uwekezaji wa uongo huanzia hapo.

Picha zina siri zake. Simu huweza kuandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, kwa latitudo na longitudo. Desemba 2012 John McAfee, mtu wa programu za kuzuia virusi, alikuwa mafichoni akitafutwa na polisi wa Belize. Jarida la Vice likachapisha picha yake bila kuondoa taarifa hizo, na kila mtu akajua yuko Guatemala. Mitandao mikubwa huziondoa unapochapisha, lakini ukiituma picha kama faili au kwa barua pepe, zinabaki. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera.

Mahali hapavuji kwa picha tu. Januari 2018 ilionekana kwamba ramani ya programu ya mazoezi, Strava, ilikuwa inaonyesha njia za kukimbilia za wanajeshi ndani ya kambi zao. Kila mkimbiaji aliona ameweka mbio zake tu. Ukikimbia kila asubuhi kutoka mlangoni kwako, ramani yako inaanzia mlangoni kwako. Za safari zichapishe ukisharudi. Tiketi yenye msimbo, kitambulisho cha kazi, leseni mpya, funguo za gari ulizokabidhiwa: vyote hivi vinasomeka na kunakiliwa kutoka kwenye picha.

Kwa watoto ningekaza zaidi: sare za shule, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa visikae pamoja kwenye chapisho moja. Hawajakubali wao, na hawataweza kuvifuta.

Kisha nenda kwenye orodha ya programu na michezo uliyoiruhusu kuingia kwa akaunti yako. Kashfa ya kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica iliyolipuka 2018 ilianza na jaribio la tabia kwenye Facebook. Waliolisakinisha walikuwa takriban 270,000. Facebook ilikadiria kwamba huenda data za watu hadi milioni 87 zilichukuliwa, kwa sababu jaribio lilivuna na marafiki wa waliojaribu. Sheria za mitandao zimebadilika tangu hapo, lakini ruhusa ulizotoa zamani huwa hazijifuti. Futa zote usizozitumia.

Hatua ya 7: Kumtambua tapeli

Aina za utapeli hazina mwisho, na ukikariri orodha utaibiwa kwa aina isiyokuwemo. Tazama mwendo wake badala ya sura yake. Karibu wote wanataka mambo haya: ufanye sasa hivi, usimwambie mtu, mhame kutoka hapa mlipo kwenda kuchati kwingine, na ulipe kwa njia isiyorudishika. Mawili yakikutana kwenye mazungumzo mamoja, weka simu chini.

Tuseme umeletewa ujumbe kwamba ukurasa wako umekiuka hakimiliki na utafungwa ndani ya saa 24, bonyeza hapa kukata rufaa. Hofu ndiyo mtego. Usibonyeze, fungua programu yenyewe uangalie sehemu ya arifa. Instagram ina hata sehemu ndani ya mipangilio inayoorodhesha barua pepe ambazo yenyewe imekutumia karibuni. Haimo humo, si yao.

Ukilazimika kuangalia kiungo, kisome hivi: tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi nyuma kushoto. Maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju ndiyo kwa kawaida yanayomtaja mwenye tovuti. Kwenye facebook.com.thibitisha.example/ingia, mwenye nyumba ni thibitisha.example, "facebook.com" ni pambo la mlangoni. Na alama ya kufuli inamaanisha tu kwamba njia kati yako na tovuti imefichwa. Tapeli naye ana kufuli.

Kazi za nyumbani za "kupenda video" hulipa kweli siku ya kwanza, kiasi kidogo. Ndiyo chambo. Siku ya tatu unaambiwa uweke amana ili ufungue kazi zenye malipo makubwa. Uwekezaji wa mapenzi nao huchukua wiki au miezi: mtu mpole, hakuombi chochote, siku moja anakuonyesha tovuti anayopatia faida. Unaweka kidogo, unaruhusiwa kutoa. Unaweka kingi, skrini inaonyesha utajiri, na unapotaka kuutoa unadaiwa "kodi" kwanza. Namba za kwenye skrini zimechapwa na yeye. Wanaonaswa si wajinga, nimewaona wasomi wakubwa. Ni watu walioshikwa pabaya wakati mbaya.

Usitegemee alama ya uthibitisho wala umaarufu wa akaunti. Julai 2020 akaunti halisi za Twitter za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates na Elon Musk zilitangaza kwamba ukituma Bitcoin utarudishiwa mara mbili. Zilikuwa akaunti zao kweli. Wezi walikuwa wamewalaghai wafanyakazi wa Twitter kwa simu na kupata vifaa vya ndani.

Siku hizi hata sauti na uso havitoshi. Mwaka 2024 ilifahamika kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, huko Hong Kong, alituma takriban dola milioni 200 za Hong Kong baada ya kikao cha video ambamo wakubwa wake aliowaona walikuwa wa kutengenezwa na kompyuta. Alikuwa ameshuku ule ujumbe wa kwanza. Kikao kikamtoa shaka. Kwa hiyo mtu wa karibu akikulilia kwa sauti yake kwamba amekamatwa na anataka pesa, kata simu umpigie wewe, kwa namba uliyokuwa nayo kabla. Familia yangu tuna neno la siri. Ni neno la kipuuzi, na sisi wazazi tumelisahau mara mbili, lakini watoto wanalikumbuka.

Hatua ya 8: Ikishatokea

Ukitekwa WhatsApp: sakinisha upya, andika namba yako, ingiza namba za SMS. Saa hiyohiyo mwizi anatolewa. Kama aliwahi kuweka PIN yake, utaambiwa usubiri siku saba kabla ya kuingia bila PIN hiyo. Usikate tamaa, na usimlipe mtu "akuharakishie": katika siku hizo saba mwizi naye yuko nje. Wakati unasubiri, waambie watu kwa simu za kawaida na kupitia ndugu walio kwenye makundi yako.

Facebook na Instagram: anza na barua pepe. Mtandao hutuma taarifa pale barua pepe ya akaunti inapobadilishwa, na ndani yake huwa na kiungo cha kutengua mabadiliko. Ikipatikana mapema, kazi imeisha. Isipopatikana, nenda facebook.com/hacked au instagram.com/hacked ufuate maelekezo, ikibidi kwa kifaa ulichozoea kuingilia, maana mtandao unakitambua. Kama pesa zimetoka, mpigie mtoa huduma ya fedha kabla ya yote haya. Dakika za mwanzo ndizo ambazo muamala bado unaweza kuzuiwa.

Piga picha za skrini kabla ya kumzuia tapeli. Ukishamzuia au akishafuta akaunti, ushahidi wa kupeleka polisi unapotea. Na ukilalamika hadharani kwamba umeibiwa, watakuja watu kwenye maoni wakikutajia "mtaalamu" aliyewarudishia akaunti. Huyo ni tapeli wa pili, anayewinda walioumizwa na wa kwanza.

Ukitishiwa kusambaziwa picha za faragha, usilipe. Aliyelipwa mara moja hujua analipika. Usifute mazungumzo. StopNCII.org, kwa watu wazima, inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako mwenyewe, na ni alama hiyo tu, bila picha, inayopelekwa kwenye mitandao inayoshiriki ili wazuie isipakiwe. Kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18 kuna Take It Down, inayofanya kazi kwa namna hiyohiyo. Kijana akikujia na jambo hili, kelele ziweke kando mpaka picha ziwe zimezuiwa. Wengi hulipa kwa siri kwa sababu wanawaogopa wa nyumbani kuliko wanavyomwogopa tapeli.

Ukiisharudisha akaunti, pitia tena hatua ya 1 na ya 5 siku hiyohiyo: kanuni za kusambaza barua, vifaa vilivyounganishwa, namba za kurejesha akaunti. Halafu soma ujumbe aliotuma mwizi kwa jina lako, kama hakuufuta. Kwa shangazi tulikuta watu wanne waliokwisha kutuma pesa, na mmoja wao alikuwa hajasema lolote kwa sababu aliona aibu kumdai.